UKURASA WA MWALIMU: Mguu Huandaliwa Kabla ya Njia



Mwezi huu tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu hudhani analijua tangu utotoni, nalo ni kutembea. Hatusemi kutembea kwa kutoka mlangoni hadi kituo cha basi, bali kutembea mwendo mrefu, wa saa nyingi, na pengine wa siku kadhaa mfululizo.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu katika jamaa zetu huku Uingereza hapakosi, mwaka hata mwaka, mzee anayetia nia ya kwenda Hijja au Umra. Watoto huchanga fedha, pasipoti hutazamwa, chanjo huchomwa, ihramu hununuliwa, na vitabu vya manasiki husomwa usiku kucha. Walakini miguu itakayombeba mzee huyo haiulizwi hali yake hata siku moja. Huku ugenini tumekuwa watu wa kukaa. Twakaa kazini, twakaa ndani ya gari, na baridi ikiingia twakaa karibu na kipasha joto mpaka majira yabadilike. Mama aliyekuwa akienda shamba na kurudi kwa miguu, na mzigo kichwani, leo hupandishwa gari kwenda dukani mtaa wa pili. Mtoto hufanya hivyo kwa mapenzi na heshima, lakini kidogo kidogo mama hupokonywa miguu yake.

Hebu tutazame Hijja inamtaka mtu nini. Sai baina ya Safa na Marwa, mara saba, ni takriban kilomita 3. Tawafu iliyo karibu na Kaaba ni fupi, lakini ukisukumwa na msongamano hadi nje, au ukipandishwa ghorofa ya juu, duara moja hurefuka mara kadhaa. Arafa iko kiasi cha kilomita 20 kutoka Makka, na baina yake ziko Mina na Muzdalifa. Yapo mabasi, na tangu mwaka 2010 ipo treni ya kuunganisha Mina, Muzdalifa na Arafa. Hata hivyo, baina ya hema na kituo, baina ya kituo na Jamarati, na pale magari yanapokwama, mwenye kuhiji hana chombo ila miguu yake. Na haya si ya siku moja. Hufuatana siku baada ya siku, usingizi ukiwa haba.

Juu ya hayo kuna jua. Katika Hijja ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50. Serikali ya Saudia ilitangaza kuwa waliofariki walikuwa watu 1,301, na kwamba asilimia 83 kati yao walikuwa wameingia bila kibali, wakatembea mwendo mrefu juani pasipo kivuli wala mahali pa kupumzika. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Hatuitaji habari hiyo ili kumtisha mtu, bali ili tujue kwamba kutembea si jambo dogo. Basi wasia wa kwanza ni huu: mtu asiende bila kibali kwa kudanganywa na mawakala wa bei nafuu, kwa kuwa asiye na kibali hana hema, hana basi, wala kivuli cha haki yake.

Sisi tuliofundisha shuleni kwa miaka mingi tunajua kuwa mtihani hausomewi usiku wa kuamkia siku yake. Mguu nao ni vivyo hivyo. Na elimu ya kuuandaa si ngeni kwetu. Katika karne ya kumi na tisa misafara ilikuwa ikitoka Bagamoyo mpaka Ujiji, kiasi cha kilomita 1,200, na mwendo wote ulikuwa wa miguu. Hatusahau kwamba njia hiyo hiyo waliswagwa watumwa, na kwamba mateso yao hayana kisingizio. Lakini wapagazi, na hasa Wanyamwezi waliokuwa mafundi wa kazi hiyo, walikuwa na kanuni zao. Siku ya kwanza msafara haukwenda mbali. Ulitoka mjini, ukapiga kambi karibu, ili mizigo ijaribiwe na aliyesahau kitu arudi akakichukue. Waliondoka mapema kabla jua halijawa kali. Na kirangozi, yule aliyetangulia mbele, ndiye aliyeshika mwendo wa wote. Mianzo mifupi, kutoka mapema, na mwendo mmoja: mtu akiyashika haya matatu amekwisha pata nusu ya elimu yote.

Tuanze na mahali pa kufanyia mazoezi. Wengi wetu tunaziogopa njia za nje ya mji, tukidhani kila shamba lina mwenyewe na kila mwenyewe ana mbwa. Ukweli ni kwamba Uingereza ina mtandao mkubwa wa njia za umma, na kila mwenda kwa miguu ana haki ya kupita humo hata pale njia inapokatiza shamba la mtu. Haki ya kutembea haikupatikana kwa kuombwa tu. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana walipanda mlima wa Kinder Scout kudai haki ya kutembea huko, na baadhi yao wakafungwa gerezani. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa kijana wa miaka 20, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Rumania. Miaka 17 baadaye, yaani 1949, ikapitishwa sheria iliyofungua mlango wa mbuga za taifa na njia ndefu za miguu. Basi mtoto wa mhamiaji asione haya kupita njia hizo.

Kwa walioko London, njia iliyo nyepesi kuliko zote ni ile ya kandokando ya mto Thames, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1996, yenye urefu wa kiasi cha maili 184, yaani takriban kilomita 296. Uzuri wake ni kwamba ina vituo vingi vya treni, hivyo mtu huweza kutembea kipande kimoja na jioni akalala nyumbani kwake. Kipande tunachokipendekeza kwa familia ni cha kutoka Hampton Court mpaka Richmond, kiasi cha maili 8, yaani kilomita 13, na njia ni tambarare. Anayeanza na asifike Richmond. Atoke Hampton Court, aishie Kingston baada ya maili 3, apande treni arudi. Hiyo ndiyo kambi yake ya kwanza.

Wenzetu wa pwani watafurahi kujua kwamba penye lango la maji la Teddington, baina ya Kingston na Richmond, ndipo kujaa na kupwa kwa bahari kunapokomea. Kuanzia hapo kuelekea mjini, mto huu hupanda na kushuka kama maji ya Forodhani. Basi siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hufunika sehemu za njia karibu na Richmond. Atakaye kupita huko atazame kwanza saa za maji kujaa, kama babu zake walivyofanya kabla ya kutweka tanga. Walioko Birmingham, Manchester au Leicester wanazo njia za kandokando ya mifereji, nazo ni tambarare vilevile.

Sasa tuje kwenye mguu wenyewe. Viatu vinunuliwe jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na mnunuzi avae soksi zile zile atakazotembea nazo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kiatu kipya kisivaliwe kamwe siku ya mwendo mrefu. Kwanza kivaliwe nyumbani, kisha dukani, kisha mwendo wa saa moja. Kucha zikatwe siku chache kabla, kwa kunyooka, zisiingie nyamani. Soksi za pamba hushika jasho na kulainisha ngozi mpaka ikachubuka. Za sufu laini au za nyuzi zinazokausha jasho ni bora zaidi, na mtu achukue jozi ya pili abadilishe katikati ya njia.

Mwanamume aliyehirimia ana jambo lake peke yake. Hatavaa soksi, wala viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, atavaa ndara. Basi na azitembelee ndara hizo hizo huku nyumbani wiki nyingi kabla, ili ngozi yake izizoee mikanda yake. Jingine ambalo wanaume huona haya kulisema ni michubuko ya mapaja chini ya ihramu. Dawa yake ni mafuta mazito yasiyo na harufu yoyote, yapakwe kabla ya kuanza mwendo. Yenye manukato hayafai kwa aliyehirimia. Tena kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, awe na kimfuko cha kutilia viatu vyake aingiapo msikitini. Anayeviacha mlangoni huenda asivione tena, na barabara ya nje wakati wa adhuhuri huunguza nyayo kama kikaango.

Lengelenge halitokei ghafla. Hutanguliwa na mahali padogo panapoanza kuchoma, aghalabu kisiginoni au kwenye ukingo wa dole gumba. Hapo ndipo pa kusimama. Si baada ya mtaa mmoja, wala si tukifika. Mtu akae, avue, akaushe, abandike plasta, avae soksi kavu. Dakika tano za hapo huokoa siku tano za kuchechemea. Likiwa limekwisha kufura, lisitumbuliwe ovyo. Lifunikwe liwe safi.

Mwenye kisukari twamwomba asome mistari hii mara mbili. Kisukari cha muda mrefu hufisha hisia za miguu, hata mtu akakanyaga msumari asijue. Kwa hiyo yeye hawezi kungoja maumivu yamwambie. Sharti kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo, au atazamiwe na mwanawe; apapase ndani ya kiatu kabla ya kukivaa; na asitembee peku, hata ndani ya nyumba. Kwa habari ya kuvaa kitu miguuni wakati wa tawafu, amwulize sheikh wake na daktari wake mapema, maana dini yetu haikumfunga mgonjwa. Njiani awe na tende au kitu kitamu mfukoni, na wenzake wajue kwamba akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akisema maneno yasiyoeleweka, huenda sukari imeshuka. Na kila mwenye kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo au magoti mabovu amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi.

Ratiba ya mazoezi iwe ya miezi mitatu. Wiki nne za kwanza, dakika 20 hadi 30, siku nne kwa wiki, kuzunguka mtaa. Wiki nne za pili, dakika 40 hadi 60, na siku moja ya mwisho wa juma mwendo wa maili 3 au 4. Wiki tatu zinazofuata, mwendo mrefu uongezwe pole pole hadi maili 6 au 8 kwa anayeweza, na walau mara moja mtu atembee siku mbili mfululizo, kwa kuwa siku ya pili ndiyo inayosema kweli ya miguu. Wiki ya mwisho apunguze, apumzike. Kipimo cha mwendo ni ulimi: ukitembea huku ukizungumza na mwenzio bila kuhema, mwendo ni wako, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Mwenda pole hajikwai.

Maji yanywewe kidogo kidogo tangu mwanzo, si kwa kungoja kiu. Palipo na joto kali, maji matupu hayatoshi, kwa sababu jasho huondoka na chumvi. Ziwepo zile pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji ziuzwazo madukani mwa dawa. Mwenye maradhi ya figo au moyo aulize kwanza kiasi chake. Tukumbuke pia kwamba mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na sisi tunatoka kwenye baridi. Siku za mwanzo za kufika si za kuzurura madukani adhuhuri. Mwavuli wa rangi nyeupe unafaa sana, na aliyehirimia hakatazwi kuushika. Mwenzenu akipata kizunguzungu na kichefuchefu, mpelekeni kivulini, mlazeni, mmwagieni maji, mpepeeni. Na akianza kuchanganyikiwa, itafutwe tiba mara moja.

Huku Uingereza, katika mazoezi, sala haina udhia. Chupa ya maji ya kutawadhia, msala mwepesi na dira vinatosha, na kandokando ya mto pana nyasi nyingi. Majira ya baridi mchana ni mfupi, adhuhuri na alasiri zinafuatana upesi, basi wapangaji wa safari waziweke sala kuwa ndivyo vituo vya kupumzikia. Penye nyasi ndefu na kulungu, kama Bushy Park na Richmond Park, suruali iingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, na jioni mwili utazamwe.

Limebaki jambo ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni uwepo wa moyo. Yuko atembeaye maili nane asione hata mti mmoja, simu i sikioni, akili i ofisini. Huyo mguu wake umekwenda, mwenyewe amebaki. Mwendo mrefu ni shule ya kusikiliza. Msikilize unyayo unavyogusa ardhi, isikilize pumzi, usikilize moyo. Nusu saa ya kwanza tuzungumze, nusu saa ya pili tunyamaze, kila mtu na dhikri yake. Mzee aliyezoea ukimya huo huku kandokando ya mto hatababaika sana na makelele ya umati atakapokuwa huko.

Na katika kusikiliza huko, tusikilizane. Wazee wetu wana desturi moja nzuri ambayo njiani hugeuka hatari. Huficha maumivu yao ili wasiwacheleweshe wengine. Ukimwuliza, “Mama, umechoka?” atajibu, “Aa, mwanangu, sijambo, twende,” na kumbe kisigino kimekwisha toka damu. Kwa hiyo usimwulize kama amechoka. Mwambie, “Mama, sasa tunakaa wote,” kisha piga goti umvue kiatu mwenyewe, utazame. Yeye alikuvua vyako mara ngapi! Na mwendo wa kundi zima uwe mwendo wa aliye dhaifu. Yeye ndiye atangulie mbele, awe kirangozi wetu, na vijana wenye nguvu wamfuate nyuma. Kundi linalotanguliwa na wenye mbio hukatika vipande, na katika Mina anayebaki nyuma hupotea.

Kwa vijana wetu, basi, tuna ombi moja. Mnapochanga fedha za kuwapeleka wazazi, changeni na Jumamosi zenu. Tiketi hununuliwa siku moja, lakini mguu huhitaji miezi mitatu, na mzee hatatoka peke yake katika mvua ya nchi hii. Mpitieni nyumbani asubuhi. Mchukue chai ya tangawizi katika chupa na mikate michache, mkatembee maili 3, mkarudi. Ikiwa Mwenyezi Mungu atamjaalia kwenda Hijja, atakwenda akiwa na miguu. Na ikiwa hakumjaalia mwaka huu, mtakuwa mmepata Jumamosi kumi na mbili pamoja naye, ambazo hakuna wakala anayeziuza.

Wabillahi tawfiq.